Tairi Lililosema na Mama Mkwe

Eunice alipiga honi mara mbili, kisha akasubiri.

Kila mtu wa Tali, kijiji cha katikati ya jangwa la Australia, aliijua honi ile. Maana yake ilikuwa kwamba Clifton, fundi wa gereji, atoke kwa mlango wa nyuma. Clifton alimwoa Leanne, binti ya Eunice, na kwa watu wa Tali mwanamume hasemi na mama mkwe wake. Hamtazami usoni. Hakai naye chumba kimoja wala hapandi naye gari moja. Huo si ugomvi, ni heshima, na heshima hiyo haina likizo.

Basi Clifton aliweka spana chini, akatoka kwa nyuma, akaenda kusimama kwenye kivuli cha tangi la maji. Ndipo Eunice akaingiza gari la zahanati kwa mlango wa mbele. Akajaza dizeli mwenyewe, akafunga kifuniko, akaondoka. Clifton akarudi kazini. Waliishi hivyo tangu Leanne aolewe, na hakuna aliyeona shida.

Eunice alikuwa dereva wa zahanati. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa aliwapeleka wagonjwa wawili mjini, Alice Springs. Mmoja alikuwa Mona, dada yake mkubwa. Mwingine alikuwa mzee Wally, mdogo wake marehemu mume wa Eunice. Figo zao zilikuwa zimeshindwa kazi. Huko mjini kulikuwa na mashine ya kusafisha damu. Mgonjwa wa figo akiikosa mashine hiyo, maji na taka hubaki mwilini. Miguu huvimba, pumzi huwa fupi, na mtu anaweza kufa.

Wagonjwa wengi wa jangwani huhamia mjini ili wawe karibu na mashine. Mona alikataa katakata. Alisema usingizi wa mjini haumshiki. Kule Tali ndiko walikozikwa wazazi wake. Kule ndiko kulikokuwa na miti ya mulga, migunga ya jangwani, na chini ya miti hiyo alichimba sisimizi wa asali, wale wanaobeba asali tumboni, tangu utotoni.

"Nipelekeni mara zote mnazotaka," aliwaambia watu wa zahanati. "Lakini jioni mnirudishe."

Kwa hiyo gari lile ndilo lililomweka Mona nyumbani. Eunice alijua hivyo kila aliposhika usukani.

Njia ya kwenda mjini ilikuwa ya namna mbili. Kwanza vilima vya mchanga mwekundu, na barabara ya vumbi yenye makunyanzi ya kutikisa meno. Kisha lami, imenyooka mpaka mjini. Baba yao alikuwa amemfundisha Eunice kuendesha kwenye mchanga. Alimwambia tairi liwe laini kama mguu wa ngamia, lipanuke, lisizame. Kwa hiyo, kabla ya kilima cha kwanza, Eunice alisimama, akachukua kijiti, akatoa upepo kidogo katika kila tairi. Gari likapanda mchanga bila kuzama.

Mpaka hapo alikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa mbele, lami ilipoanza.

Tairi likifika kwenye lami linataka kujazwa tena. Chini ya kiti kulikuwa na pampu ndogo, lakini pampu ile ilikuwa mvivu. Ilinguruma weee, na tairi halioni tofauti. Nayo zamu ya Mona kwenye mashine haikumngoja mtu. Kwa hiyo Eunice alishuka, akapiga kila tairi teke, akalibonyeza kwa dole gumba, akasema yako sawa. Jioni wakati wa kurudi alikuwa na sababu nyingine. Ya nini kujaza, na mchanga uko mbele?

"Shemeji, unayapiga mateke kama yamekukosea," Wally alimwambia.

"Nyamaza wewe. Zamu yako ya mateke inakuja."

Walicheka wote. Mona alitoa mkate wa majivuni kwenye kikapu, wakagawana, safari ikaendelea. Mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka, na Eunice aliamini mguu wake kuliko geji yoyote ya upepo.

Siku moja ya Desemba jua lilikuwa kali kupita kawaida. Lami ilimetameta kama imemwagiwa maji. Walikuwa katikati ya lami, mbali na mji na mbali na nyumbani, waliposikia mlio mkubwa nyuma. Gari likavutwa kushoto. Eunice alishika usukani kwa nguvu zake zote. Hakukanyaga breki ghafla. Aliliacha gari lipungue mwendo lenyewe, likaingia kwenye majani makavu ya kando ya barabara, likasimama. Vumbi jekundu likawafunika.

Kisha sauti ya Mona ikatoka nyuma.

"Tumefika?"

Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka ubavu mzima, limebaki matambara. Eunice alishusha tairi la akiba. Alipolidondosha chini halikudunda. Nalo halikuwa na upepo. Hakuna aliyelipima tangu lifungwe pale, kwa sababu hakuna aliyelihitaji. Akawasha pampu, pampu ikanguruma kidogo, ikatoa moshi, ikafa. Simu haikushika mtandao mahali pale. Wakakaa kwenye kivuli chembamba cha gari, wakingoja mtu yeyote apite.

Lori la ng'ombe lilipopita na kuwachukua, zamu yao kwenye mashine ilikuwa imeshapita. Wally alikuwa kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Mona alilala hospitali, pumzi fupi fupi, miguu imevimba kama iliyojazwa maji. Eunice alikaa kando ya kitanda. Aliogopa. Aliona haya pia, maana usukani ulikuwa mikononi mwake.

Asubuhi Mona aliwekwa kwenye mashine akapata nafuu. Sista Bronwyn, mkuu wa zahanati ya Tali, alikuja mjini mwenyewe kuwaona. Alikuwa mtu mpole, na siku hiyo upole wake uliuma zaidi.

"Eunice, sikulaumu," alisema. "Lakini hili likitokea tena sitakuwa na la kufanya. Itabidi Mona na Wally wahamie huku. Siwezi kuwaacha wafie njiani."

Mona aligeuza uso akatazama ukuta. Eunice aliuona mgongo ule wa dada yake, na hakuusahau tena.

*

Gari lilivutwa mpaka Tali, likawekwa nje ya nyumba ya Eunice. Jioni Clifton alikuja kulikagua, Leanne akiwa pamoja naye. Clifton alibaki upande wa nyuma wa gari. Eunice alikaa upande wa mbele karibu na moto, amewapa mgongo, anageuza mkia wa kangaruu kwenye majivu. Leanne alisimama katikati, penye mlango wa dereva. Hapo maneno yangeweza kupita bila mtu kumwona mtu.

Kwanza Clifton alimuuliza mkewe swali kwa sauti ya chini. Lakini jangwani jioni hakuna sauti ya chini.

"Leanne, ule ujumbe wangu wa kabla ya baridi, ulimpa mama yako?"

Leanne alikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu.

"Nilimwambia uendeshaji uwe wa polepole."

"Mimi sikusema polepole. Nilisema ndani ya matairi nimekuta unga mweusi. Nilisema mpira unajisaga wenyewe. Nilisema akifika lami ajaze upepo."

"Siku ile alikuwa amenuna, Clifton. Ningemwambia mama yangu hajui kuendesha? Ningejificha wapi?"

Eunice alisikia kila neno. Akaikumbuka siku yenyewe. Leanne alikuja na chai, akasema kwamba Clifton anamtakia mwendo wa polepole, na yeye akacheka kwa dharau, akasema mwambie ahangaike na spana zake. Sasa hakucheka. Onyo lilikuwa limetoka gereji likiwa zima, na lilipofika kwake lilikuwa limebaki salamu. Angemkasirikia Leanne, lakini alijua ni hasira zake mwenyewe zilizomtisha mtoto.

"Leanne," alisema bila kugeuka, "muulize huyo mwenzio. Upepo kidogo tu unapasuaje tairi zima? Mimi nililibonyeza. Lilikuwa gumu."

Clifton alitafuta kipande cha waya, akaanza kukikunja na kukikunjua mahali pamoja, haraka haraka.

"Mpe mama yako aguse hapa katikati."

Leanne alipeleka waya. Eunice aligusa, akaondoa kidole upesi. Waya ulikuwa wa moto.

"Mwambie tairi lenye upepo kidogo ndivyo linavyofanya," Clifton alisema. "Kila gurudumu likizunguka, ubavu unakunjwa na kukunjuliwa. Kwenye mchanga mwendo ni mdogo, kwa hiyo si neno. Kwenye lami mwendo ni mkubwa, unakunjwa maelfu ya mara. Linachemka kwa ndani. Mwisho linapasuka, kama waya huo utakavyokatika. Na tairi nene la gari kama hili, hata likipoteza upepo mwingi, kwa teke na kidole litaonekana gumu tu. Hakuna binadamu anayeweza kujua kwa mguu."

Eunice aliukunja waya ule mara chache zaidi. Ukakatika mikononi mwake. Akautupa motoni.

"Muulize sasa tunafanyaje."

Clifton alikuwa amekwisha kuzungumza na Sista Bronwyn. Kulikuwa na matairi ya aina nyingine ambayo zahanati ingeweza kuyapata. Ndani ya kila tairi kuna kihisi, kifaa kidogo kama kiberiti. Kihisi hicho kinapima upepo na joto wakati wote, gari likienda au likisimama. Kinatuma habari zake hewani mpaka kwenye kioo kidogo kando ya usukani. Tairi likiwa sawa, kioo kinaonyesha kijani. Likianza kupoteza upepo au kupata joto, njano. Likiwa hatarini, nyekundu, na kioo kinalia.

"Jangwani hakuna mtandao," Eunice aliliambia jivu.

"Mwambie kati ya tairi na kioo hakuhitajiki mtandao wa simu. Vinasikilizana vyenyewe, popote gari lilipo. Gari likifika mahali penye mtandao, ndipo habari hizo zinakuja kwenye simu yangu na ya Sista. Hapo tukiona tatizo, tunatuma msaada. Hatangoja tena lori la ng'ombe."

Hapo Eunice alikaa wima. Kulikuwa na jambo lililomkera kuliko upepo na waya.

"Leanne, muulize vizuri. Yaani mimi nikiwa njiani, huyu mtu atakuwa ananiona kwenye simu yake?"

Clifton alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba ameguswa.

"Hapana. Mwambie simwoni yeye. Sioni uso, sisikii sauti. Naona matairi, na mahali matairi yalipo. Basi."

Eunice alilipima jambo hilo. Tairi si mtu. Mtu anaweza kutazama tairi la mama mkwe wake bila kuvunja heshima, na Clifton amekuwa akiyatazama miaka yote. Akakata kipande kizuri cha mkia wa kangaruu, akamkabidhi Leanne.

"Mpelekee. Mwambie ayalete hayo matairi."

*

Matairi mapya yalifika, na Clifton akayafunga yote, pamoja na la akiba. Alifunga pia pampu yenye nguvu chini ya boneti, ili kujaza kusiwe adhabu. Juu ya mlango wa dereva alibandika namba mbili, moja ya mchanga na moja ya lami. Akamtuma Leanne na maneno, na safari hii Leanne aliyarudia yote mbele yake kabla hajaondoka. Kipimo kamili kichukuliwe asubuhi, matairi yakiwa baridi. Joto la safari huongeza upepo kidogo, hiyo ni kawaida, wala usiutoe. Tairi la akiba lipimwe pamoja na mengine. Na neno la mwisho, kwamba kihisi hakina macho. Hakioni msumari uliokwama wala tairi lililokuwa kipara. Kwa hiyo macho ya mama bado yanahitajika.

Neno hilo la mwisho lilimpendeza Eunice. Hata hivyo, siku ya kwanza alitundika kofia yake juu ya kioo.

"Nimeendesha njia hii kabla huyo kijana hajaota meno," alimwambia Mona. "Sitatazamwa na kijitaa."

Walivuka vilima vya mchanga vizuri. Walipofika lami na mwendo ukaongezeka, chini ya kofia kukalia sauti nyembamba. Eunice akajifanya hakusikia. Ikalia tena.

"Shemeji, mkweo anakuita," Wally alisema.

"Ni tairi. Si mkwe."

"Basi liitikie tairi."

Eunice alisimama, akatoa kofia. Taa zote zilikuwa za njano. Akavuta mpira wa pampu mpya, akajaza tairi moja baada ya jingine mpaka kioo kikawa cha kijani. Hakuchukua muda aliouogopa. Mona hakuwa amemaliza hata chai yake. Waliporudi barabarani, Eunice alisikia tofauti mikononi. Gari lilikuwa jepesi. Halikuburuta, na usukani haukumvuta. Kofia haikurudi tena juu ya kioo.

Miezi ikapita. Dizeli ikawa inabaki kwenye tangi kuliko zamani, kwa sababu gari lenye upepo sahihi halisukumwi kwa shida. Na matairi yalidumu. Nyuma ya gereji kulikuwa na lundo la matairi mabovu ya miaka mingi. Lilikuwa linakaribia miti ya mulga, pale pale pa sisimizi wa asali wa Mona. Mbu walizaliana kwenye maji yaliyotuama ndani yake. Watoto wakilichoma moto, moshi mweusi uliingia nyumba zote. Sasa gari la zahanati halikuongeza hata tairi moja kwenye lundo lile. Watu wengine wa Tali wakaanza kumwendea Clifton kumuuliza kuhusu upepo wa magari yao.

Lakini Sista Bronwyn hakuwa amelifuta neno lake. Kila gari lilipochelewa kurudi, alisimama nje ya zahanati anatazama barabara. Mona naye alikuwa ameanza kukunja nguo zake vizuri kwenye sanduku. Eunice aliliona sanduku lile akauma midomo.

*

Ijumaa moja walikuwa kwenye lami, matairi yamejazwa, kioo ni kijani kitupu. Wally alikuwa anasimulia habari ya ngamia aliyekula shati lake kwenye kamba. Ghafla taa moja ikageuka njano. Tairi la nyuma upande wa kulia. Joto lilikuwa linapanda, na upepo ulikuwa unashuka pole pole.

Eunice alisimamisha gari kando, akashuka. Alilitazama tairi. Halikuwa na kitu. Wally naye akashuka, akalipiga teke.

"Gumu kama jiwe," alisema. "Shemeji, twende. Tukichelewa zamu, Sista atatuhamishia mjini leo leo. Kijitaa chenyewe kimechoka na jua."

Maneno ya Wally yalikuwa na maana, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Wakisimama, wangeweza kuchelewa. Wakienda, labda wangefika salama, labda wasifike. Mguu wake Eunice ulimwambia tairi ni zima. Macho yake yalimwambia hivyo hivyo. Alilipiga teke yeye pia, na lilikuwa gumu kweli. Kisha akamwona Mona kupitia dirishani, ameshika kikapu chake. Akakumbuka mgongo ulioelekea ukutani.

"Leta jeki," alimwambia Wally.

Alilegeza nati moja baada ya nyingine. Zote zilikubali isipokuwa moja. Ile ya mwisho iligoma kabisa. Aliikalia spana kwa uzito wake wote, haikusogea. Jasho likamwingia machoni. Wally alijaribu kusaidia, lakini mkono wake wenye mshipa unaochomwa sindano za mashine haukuruhusiwa kuvuta kitu kizito. Wakati ulikuwa unakwenda, na Eunice alitamani kulia.

Ndipo wakaona gari likija kutoka upande wa mjini. Lilikuja kwa kasi, kisha likapunguza mwendo, likasimama mbali kabisa nao. Wally alikinga macho kwa kiganja.

"Ni Clifton. Alikwenda kuchukua vipuri."

Simu ya Clifton ilikuwa imelia njiani, maana sehemu hiyo ya lami ilikuwa na mtandao. Ilimwonyesha taa ya njano, tairi la nyuma kulia, na mahali lilipo. Sasa aliona gari limeinuliwa kwa jeki na mama mkwe wake ameinama kwenye gurudumu. Hakuweza kusogea. Eunice naye alisimama, akageuka kutazama jangwa.

"Wally," alisema, "mwambie nati moja imegoma."

Wally akapaza sauti. Clifton alitoa bomba refu la chuma kwenye gari lake. Akatembea nalo kinyumenyume, uso umeelekea mjini, mpaka alipofika umbali aliouona unafaa. Akaliweka juu ya lami. Akarudi kwenye gari lake.

"Jamani, mmenigeuza posta," Wally alisema, akaenda kulichukua.

Eunice alichomeka bomba kwenye mpini wa spana. Mpini ukawa mrefu, nguvu zake zikaongezeka. Akavuta mara moja, nati ikalia, ikaachia. Akalitoa tairi, akaligeuza. Kwenye ubavu wa ndani, upande usioonekana mtu akisimama nje, kijiti kikavu cha mulga kilikuwa kimezama. Kando yake ubavu ulikuwa umevimba kama jipu. Eunice aliugusa, ulikuwa unachoma.

Wally alilitazama jipu lile kwa muda mrefu.

"Hili lingetuua," alisema. Wala hakutia utani.

Tairi la akiba lilikuwa limejaa, kioo kilisema hivyo tangu asubuhi. Eunice alilifunga, akaliweka bomba juu ya lami pale pale lilipookotwa. Alipoingia garini alizungumza na Mona, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka upepo upeleke maneno mbali.

"Dada, yule mtu ana mikono mizuri. Leanne alichagua vizuri."

Kule mbele, Clifton aliinamisha kichwa. Alingoja mpaka gari la zahanati lipite ndipo akageuka.

Walifika mjini muuguzi akiwa ndiyo kwanza anaita jina la Mona.

*

Sista Bronwyn aliliona lile jipu la tairi kesho yake. Alikuwa ameona pia ile njano kwenye simu yake, na kijani kilichofuata. Alimwendea Mona nyumbani, akalikuta sanduku mlangoni.

"Hilo la nini?" aliuliza.

"Uliniambia nijiandae."

"Lifungue, Mona. Rudisha nguo zako mahali pake. Huendi popote."

Mona alimtazama kwanza, kuhakikisha hatanii. Kisha akaingia ndani. Hakutoka kwa muda, na Eunice, aliyekuwa nje, alimsikia anaimba peke yake.

Baada ya mvua za mwanzo wa mwaka, lori kubwa lilikuja kulibeba lile lundo la nyuma ya gereji. Matairi yalipelekwa kiwandani, yasagwe yatengenezewe vitu vingine. Miti ya mulga ikabaki peke yake. Siku hiyo hiyo Mona alichukua chuma chake cha kuchimbia na kopo, akakaa chini ya mti, akafuata tundu mpaka chini. Sisimizi walikuwepo, matumbo yamejaa asali, yanang'aa kama shanga. Sista alikuwa amemruhusu kuonja kidogo. Wengine wote aliwaweka kwenye kopo, akampa mdogo wake.

"Unajua pa kupeleka," alisema.

Jumatatu asubuhi, Mona akiwa kiti cha mbele na Wally nyuma anapiga miayo, Eunice alipiga honi mara mbili nje ya gereji. Akasubiri. Kisha akaingia kwa mlango wa mbele, akaliweka kopo juu ya tairi jipya lililokuwa limelazwa penye mwanga, mahali ambapo fundi hawezi kulikosa. Akasoma kioo. Kijani, kijani, kijani, kijani, na la akiba kijani. Akageuza kioo cha pembeni ili asimwone mtu, akatoa gari taratibu.

Walikuwa wamekaribia barabara waliposikia, kutoka gereji, honi ikipigwa mara mbili.

Eunice hakugeuka. Alitazama mchanga mwekundu mbele yake, midomo imebana, mashavu yanamsaliti.

"Umejibiwa," Mona alisema.